Shajara ya benchi la mishale: kuihamishia karakana kwenye uwanja wa shabaha, Malindi

Jumamosi, 6 Januari

Naanza kuweka shajara hii leo kwa sababu nimechoka kukisia.

Karakana yangu ya mishale iko mjini, chumba cha nyuma huku Shela, na uwanja wetu wa shabaha uko shambani upande wa Ganda, karibu nusu saa kwa tuktuk barabara ikiwa kavu. Nusu saa si kitu kwa anayekwenda sokoni. Kwa anayetafuta kwa nini mshale wake unakimbilia kushoto, nusu saa hiyo inageuka wiki nzima. Jumamosi napiga, naona, naandika. Jioni nakata, nabandika manyoya upya. Jumamosi ya pili nikirudi, kaskazi inavuma kuliko juzi, bega limechoka na kazi za wiki, upote, yaani kamba ya upinde, umerefuka kidogo, na mishale inaanguka mahali papya kabisa. Ni ule mkato wangu? Ni upepo? Ni bega? Sina njia ya kujua. Mwaka jana nilikata dazeni nzima kwa kukisia hivyo, na wano, yaani mwili wa mshale, likishakatwa halirefuki tena.

Wazo la benchi la kubebeka nimelichukua kwa watu wa mchezo mwingine. Marekani wako wapiga bunduki wanaolenga kutoka mezani, wanaoshindania ukaribu wa matundu kwenye karatasi. Wengi wao hawaji uwanjani na risasi zilizojazwa nyumbani. Wanakuja na kisanduku chenye kishinikizo kidogo cha mkono, mizani au kipimia baruti, na maganda machache tu ya shaba. Wakishapiga raundi moja wanarudi nyuma ya mstari, wanang'oa fataki iliyotumika, wanaweka mpya, wanapima baruti kwa punje, kipimo kidogo cha uzito, wanakaza risasi, wanarudi kupiga. Maganda ni yale yale tangu asubuhi hadi jioni. Hewa ikipata joto mchana na matundu yakaanza kutawanyika, wanabadilisha kipimo hapo hapo na jibu wanaliona kwenye karatasi baada ya dakika chache.

Kwetu risasi ni jambo la leseni na polisi, na mimi si mtu wa bunduki. Ila nilipoelewa jinsi wanavyofanya kazi, nilijua nimeona dawa ya ugonjwa wangu. Sisi wa upinde tunatumia punje ile ile: chembe, yaani kichwa cha mshale, ya punje 100 ni gramu 6.48. Kama mwenzangu anaweza kubeba karakana yake hadi mstarini, mimi nashindwa nini?


Jumamosi, 13 Januari

Nimeshinda na karatasi na penseli. Kipimo cha kwanza kimejipanga chenyewe: wano la kaboni ambalo halijakatwa lina inchi 32 au 33, yaani hadi sentimita 84, basi sanduku lazima liwe na urefu wa ndani wa sentimita 86. Upana 38, kina 22. Likizidi hapo halikai vizuri kwenye tuktuk, na mimi peke yangu silinyanyui.

Swali gumu lilikuwa kipi kiingie na kipi kibaki. Nimejiuliza kila kitu kwa namna moja: je, kazi yake inategemea nilichokiona sasa hivi kwenye shabaha? Kupima ugumu wa wano, ndiyo. Kupima uzito wa chembe, ndiyo. Kutoa chembe na kuweka nyingine, ndiyo, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kubandika manyoya, ndiyo, kwa sababu vijana ninaowafundisha wanang'oa manyoya kila raundi mishale inapopita hadi upande wa pili wa gunia la shabaha. Kusuka upote mpya, hapana. Hiyo ni kazi ya usiku, kwa taa na kahawa. Kukata nimesitasita. Nikiweka msumeno sandukuni nitaufikia haraka mno. Nimeuweka, lakini chini kabisa, chini ya vyote, ili nikiutaka inilazimu kutoa kila kitu kwanza.


Jumanne, 16 Januari

Nimekwenda kwa fundi wa mbao, mzee ambaye amechonga milango na kukarabati mashua tangu mimi sijazaliwa. Nilimpa mchoro. Aliugeuza juu chini, akaurudisha.

"Mwalimu, hii meza utaifanyia kazi ya nguvu au ya macho?"

"Ya macho, mzee wangu. Ila kuna jiriwa ndogo hapa pembeni."

"Basi mbao nzito usiitie mwili mzima. Itie pale penye jiriwa tu."

Nilikuwa nimefikiria mbambakofi kila mahali, kwa kuwa haipindi na mchwa hauipendi. Yeye akanipigia hesabu ya uzito kwa kunikabidhi kipande kimoja mkononi, nikaelewa. Tumekubaliana: mwili wa plaiwudi ya boti, ubao mmoja wa mbambakofi wa upana wa kiganja unaopita ukingoni kubeba jiriwa na kalibu ya kubandikia manyoya, na bawaba za shaba nyeupe zisizokula kutu. Kifuniko kikifunguka kinalala bapa na kuwa sehemu ya pili ya meza.


Jumamosi, 20 Januari

Sanduku limekuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Miguu ni fito tatu za mvinje, ambazo huku kwetu hazina shida kupatikana, zimefungwa kwa bolti moja ndefu juu na kamba chini ili zisitanuke. Miguu mitatu, si minne: ardhi ya shambani haiko sawa, na meza ya miguu mitatu haitikisiki hata pasipo kuiwekea kibanzi.

Haitikisiki kwa ardhi kutokuwa sawa, nilitaka kusema. Kwa upepo inatikisika. Nilipoegemeza kiwiko, meza nzima ikaenda mrama kama ngalawa isiyo na tengo. Dawa imepatikana kwa kijana mmoja wetu ambaye baba yake ni mvuvi: alijaza mchanga kwenye mfuko wa sandarusi, akauning'iniza katikati ya miguu, chini ya bolti, hadi ukakaribia kugusa ardhi. Kilo 15 hivi. Meza ikatulia kama imepigwa nanga. Mfuko mtupu unakunjwa na kuingia mfukoni, na mchanga uko kila mahali, hivyo hakuna mzigo ulioongezeka.

Mahali pa benchi pia tumepapanga leo. Mstari wa kusubiri uko mita tano nyuma ya mstari wa kupigia, na benchi liko nyuma ya huo wa kusubiri, mgongo wangu ukiwa umeelekea mbali na wapigaji. Sheria za kipenga ni zile zile: viwili kusogea mstarini, kimoja kupiga, vitatu kwenda kuchukua mishale. Nimeongeza moja ya kwetu. Mshale uliotoka kwenye benchi haukabidhiwi mtu aliyekwisha kusimama mstarini. Unamsubiri kwenye podo yake, mfuko wake wa mishale.


Jumamosi, 27 Januari

Leo ni siku ya kipima ugumu, na nataka kuieleza kwa kirefu kwa sababu kila mara naulizwa.

Mshale ukiachiwa hautoki umenyooka. Upote unausukuma kwa nyuma, chembe nzito mbele inakataa kuondoka, na wano katikati linapinda, linarudi, linapinda upande wa pili, mara kadhaa kabla ya kutulia. Likiwa gumu mno au laini mno kwa upinde ule, mshale unatoka ukiwa umekaa kombo. Kwa hiyo ugumu unapimwa, na kipimo chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: unaliweka wano juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, yaani sentimita 71.1, unatundika katikati uzito wa gramu 880, unasoma limezama kiasi gani. Likizama nusu inchi, milimita 12.7, linaitwa 500. Likizama milimita 15.2 linaitwa 600. Namba ikiwa kubwa wano ni laini zaidi, jambo ambalo wanafunzi wapya hulielewa kinyume kila mwaka. Kwa mawano ya miti kipimo cha zamani ni kingine: ratili mbili kwenye nguzo za inchi 26.

Uzito nimeutengeneza kwa chubwi za wavuvi. Ni risasi tupu, madini yale yale yaliyoipa risasi ya bunduki jina lake katika lugha yetu. Nimezitunga kwenye waya, nikaenda kwa sonara anipimie kwenye mizani yake ya dhahabu. Zilikuwa gramu 903. Nikakaa kibarazani pake na tupa, nakwangua na kupima, nakwangua na kupima, hadi mizani ikasoma 880.1. Sonara hakunitoza kitu, ila alinilazimisha kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kunikaribisha chai, na alikuwa na haki: vumbi la risasi ni sumu. Unga wote niliukusanya kwenye karatasi na kuufunga.

Kipimia cha kuzama ni geji ya saa niliyoipata kwa fundi wa injini za boti. Inasoma sehemu ya mia ya milimita. Nguzo mbili zimefungwa ndani ya kifuniko cha sanduku, na kifuniko kikilala bapa kipimo kiko tayari.

Mawano kumi na mawili tuliyoyanunua kama 600 yalisoma hivi: tisa kati ya milimita 15.1 na 15.4, mawili 15.7, na moja 16.1, ambalo kwa haki ni 634. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nililizungusha kila wano taratibu juu ya nguzo huku naangalia sindano ya geji. Karibu yote yana upande mmoja mgumu kuliko mwingine. Nimeutia alama upande huo kwa kalamu nyeupe, na kuanzia sasa noki zote, vile vishikizo vya nyuma vinavyokaa kwenye upote, zitakaa kulingana na alama ili kila mshale uelekeze ubavu ule ule kwenye upinde. Lile la 16.1 nimelitoa kwenye kundi. Ndilo lililokuwa likimsumbua binti mmoja wetu tangu Novemba, naye siku zote tukimwambia anavuta vibaya. Nimemwomba radhi mbele ya wenzake.


Jumamosi, 3 Februari

Mizani imenitesa. Ni ya kidijitali, inasoma sehemu ya mia ya gramu, na chumbani ni ya kuaminika. Uwanjani inakimbia: 6.44, 6.51, 6.38, na chembe juu yake ni ile ile moja. Kaskazi ya asubuhi haikuwa kali, ila mizani ya namna hii inasikia hata pumzi yako.

Nilijaribu kuikinga kwa kiganja, kisha kwa turubai. Mwishoni nimekata chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, kile kirefu chenye kifuniko, nikakigeuza juu chini kikawa kibanda, nikatoboa mlango mdogo wa kuingizia kibano. Ndani ya kibanda mizani imesimama. La pili nililojifunza ni joto. Ikitoka kwenye sanduku lililokaa juani inahitaji dakika ishirini kivulini kabla ya kuambiwa kitu. Sasa ndiyo ya kwanza kutolewa sandukuni nikifika, hata kabla ya kufunga miguu ya meza. Na kila nikimaliza chembe tano narudisha uzito wa majaribio wa gramu 10 kuona kama bado inasema kweli.

Chembe kumi na mbili za punje 100 zilikuwa kati ya gramu 6.41 na 6.55. Tofauti ya punje mbili na kidogo. Kwa mita 18 hutaiona. Kwa mita 70, ambako duara la alama kumi lina upana wa sentimita 12.2 tu, mtu aliyefika daraja hilo atataka kuzipanga kwa makundi, na benchi linamruhusu.


Jumamosi, 10 Februari

Siku mbaya, na naiandika yote.

Chembe tunazishikisha kwa gundi ya kuyeyushwa ili ziweze kutoka. Nyumbani nayeyusha kwa mwali mdogo wa mshumaa, chembe peke yake mwalini, wano mbali. Leo upepo ulikuwa ukiuyumbisha mwali, nikawasha jiko dogo la gesi. Nikaishika chembe ikiwa tayari ndani ya wano na kuileta motoni ili kuitoa. Ilikuwa sekunde tano, labda sita. Ikatoka. Sikuona moshi wala harufu. Nikaweka chembe mpya, nikaurudisha mshale kwenye podo.

Raundi iliyofuata ulilipuka. Nasema kulipuka kwa sababu ndivyo ulivyosikika. Kaboni ni nyuzi zilizoshikwa na gundi ngumu, na moto ukizidi gundi ile inakufa huku nyuzi zikibaki zinapendeza machoni. Mdomo wa wano ulipasuka ulipogonga ukingo wa mbao wa shabaha, ukachanuka kama ufagio. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Ungepasuka kwenye upote, nyuzi zile zingeingia kwenye mkono wa kijana aliyeshika upinde, na kuzitoa ni kazi ya daktari.

Nilisimamisha mazoezi. Tukakusanya kila mshale wa kaboni uwanjani na kuukunja taratibu, mkono mmoja kwenye noki na mwingine karibu na chembe, mbali na uso, tukiuzungusha na kusikiliza. Miwili ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayekanyaga jani kavu. Imevunjwa vipande na kuzikwa ili mtu asiiokote. Jiko la gesi halitarudi tena uwanjani.


Jumamosi, 17 Februari

Jibu la moto limekuja kutoka jikoni. Mke wa mwenye shamba hutuletea chai kwenye chupa ya chai ya lita mbili, na wiki nzima nilikuwa nikifikiria: gundi laini ya kuyeyushwa inahitaji joto gani hasa? Nilijaribu nyumbani. Kwa maji yaliyotoka kuchemka, chembe ilitoka baada ya sekunde thelathini za kuzamisha ncha, kwa kuivuta na koleo iliyofungwa kitambaa. Maji hayapiti nyuzi 100 hata ukiyachochea, basi hayana namna ya kuiunguza kaboni. Sasa chupa moja ni ya chai na nyingine ni ya mishale, nayo nimeifunga utepe mwekundu shingoni ili zisibadilishane.

Na leo, kwa mara ya kwanza, benchi limefanya kazi niliyoliundia.

Kijana mmoja, wa mkono wa kulia, upinde wenye uvutaji wa ratili 34 kwenye vidole vyake, mawano ya 600 yenye sentimita 75. Kwa mita 18 alipiga mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo na manyoya. Yenye manyoya ilikaa pamoja kwenye njano, katikati ya shabaha. Mitupu ilikaa kushoto, umbali wa sentimita 22. Kwa mpigaji wa kulia, mshale mtupu ukienda kushoto wano ni gumu mno kwa upinde ule. Ukienda kulia ni laini mno. Manyoya huficha kosa hilo kwa kuunyoosha mshale njiani, ndiyo maana unayavua ili uone.

Saa tatu na dakika kumi tulitoa chembe za punje 100 kwenye mishale yote mitano kwa maji ya moto, tukaweka za punje 120. Chembe nzito hulifanya wano lijipinde zaidi wakati wa kuachiwa, yaani linatenda kama laini. Saa tatu na dakika thelathini na tano alikuwa mstarini tena. Mitupu: sentimita 9 kushoto. Tukakaza bolti za upinde nusu mzunguko kila upande ili uvutaji uongezeke kidogo, tukapima upya umbali wa upote kutoka mshikoni. Sentimita 3. Alipiga raundi nyingine mbili kuthibitisha, ikabaki 3 au 4. Mitupu ilikuwa pia juu kidogo ya kundi, dalili kwamba noki inakaa chini mno kwenye upote, basi tukapandisha kifundo cha upote, pale noki inapokaa, kwa milimita mbili, ikashuka.

Saa nne na nusu tulikuwa tumemaliza. Upepo ule ule, bega lile lile, upote ule ule, na hakuna wano hata moja lililokatwa. Kukata kungeongeza ugumu tu na kumharibia. Kwa mtindo wa zamani ningekuwa nimetumia Jumamosi nne, na huenda wiki ya pili ningekwisha kushika msumeno.

Nimekaa kwenye kivuli cha mwembe na daftari, nikaona mikono yangu inatetemeka kwa furaha.


Jumamosi, 24 Februari

Tumepata mgeni. Babu mmoja wa huku bara, njia ya kwenda Chakama, amekuja kumtembelea mwenye shamba. Alisimama nyuma ya benchi kimya kwa muda mrefu, fimbo imeshikwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Mnatengeneza mshale au mnauuguza?"

Nilimpisha kwenye kigoda. Watu wa mjini humwita Msanye. Yeye alinisahihisha kwa upole: wao ni Waata, hayo mengine ni majina ya kupewa. Watu wake walikuwa wawindaji wa ndovu kwa upinde, pinde ambazo uvutaji wake ulipita ratili 100, mara tatu ya hizi zetu. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, nchi waliyokuwa wakiwinda iligeuka marufuku, na katika msako mkubwa wa miaka ya 1950 wengi walifungwa. Alikuwa mtoto. Anakumbuka pinde za baba zake zikirundikwa na kuchukuliwa. Alisema hivyo tu, akanyamaza, na mimi sikuuliza zaidi.

Kisha akaomba mshale. Hakuangalia chembe wala manyoya. Aliweka katikati ya wano kwenye ukucha wa kidole gumba cha kushoto, akausukasuka kwa mkono wa kulia uzunguke juu ya ukucha, macho amefumba. Aliuzungusha hivyo mara tatu. "Huu una nundu," akasema, akaonyesha mahali kwa ncha ya kidole. Nikauweka kwenye geji. Karibu kabisa na alipoonyesha, wano lilikuwa limepinda robo ya milimita.

Akanieleza kwamba wano la mti, hasa la mkone, hulinyooshi siku moja. Unalipasha kwenye jivu, unalipinda kwa meno na vidole, unaliacha, kesho linarudi kidogo, unalipasha tena. Na kazi hiyo ulikuwa ukiifanya pale ulipolala porini, kwa sababu umande wa pale na jua la pale ndivyo vitakavyoupinda. Kuhusu kalibu yangu ya kubandikia manyoya matatu kwa pembe sawa, aliizungusha mara kadhaa na kuisifu, lakini akataka kujua manyoya ni ya ndege gani. Nilipomwambia ni plastiki akayapapasa tena.

Vijana walimpa upinde wa ratili 24. Aliukataa kwa mkono, akachukua wa 34, akavuta hadi shavuni bila kuweka mshale, akaurudisha polepole bila kuuachia. Upinde usio na mshale hauachiwi. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Tangu leo mtihani wa ukucha unatangulia geji kwenye benchi letu. Wenye nundu inayosikika hauendi kupimwa ugumu.


Jumamosi, 9 Machi

Kutu. Wiki mbili tu, na taya za jiriwa zimeota unga wa kahawia. Hewa ya Malindi ina chumvi hata ukiwa mbali na ufuo, na nilikuwa nafunga sanduku likiwa na unyevu wa asubuhi ndani yake. Nimesafisha kwa msasa laini, nimepaka mafuta ya cherehani, na nimeshona mifuko miwili ya kitambaa cha kanga kuukuu yenye mchele uliokaangwa ukakauka, inayonyonya unyevu pembeni mwa mizani. Mchele unakaangwa upya kila Ijumaa.

Gundi ya manyoya nayo: ile ya haraka inaganda kabla sijafunga kibano kwenye joto la saa sita. Manyoya yote yabandikwe kabla ya saa tano asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Na mahali pa kubandika pafutwe kwa spiriti kwanza, maana jasho la vidole ndilo linalong'oa manyoya kuliko hata gunia.


Jumamosi, 23 Machi

Nimekata, hatimaye. Mawano sita mapya ya binti yule yule wa Novemba, ambaye mkono wake ni mfupi. Nilitoa kila kitu sandukuni hadi nikaufikia msumeno wenyewe: mota ndogo ya volti 12 yenye kisahani cha kusagia, inayoendeshwa na betri ya pikipiki. Barakoa usoni, miwani, kitambaa kilicholowa chini ya kisahani ili vumbi la kaboni lisiruke, na watu wote upande unakotoka upepo. Kabla ya kukata alipiga mawano yakiwa marefu, akashushiwa uzito wa chembe, akapiga tena, na mitupu ikaendelea kukaa kulia: laini mno. Tukaondoa milimita sita, akapiga. Sita nyingine, akapiga. Milimita kumi na mbili kwa jumla, na mitupu ikaingia kundini.

Alinisimulia kwamba alipokuwa mdogo alimwona Shehzana Anwar kwenye televisheni akibeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na kwamba hakujua kuwa mwenye bendera ni mpiga upinde hadi mwalimu wake alipomwambia. Nilimwachia yeye mwenyewe abandike manyoya ya mshale wa sita.


Jumamosi, 30 Machi

Upepo umekufa. Kaskazi imeisha, kusi bado, na mawingu yanajipanga juu ya bahari kila jioni. Masika yakianza barabara ya shambani itakuwa matope, na tuktuk haitapita.

Nimelipima sanduku likiwa limejaa: kilo 19, bila mchanga na bila chupa ya maji. Fundi atanipunguzia ubao wa kifuniko na kutia mikanda miwili ya begani. Kufungua na kuwa tayari kwa kazi kulinichukua dakika 25 Januari; leo ni dakika 11, na vijana wawili wanaweza kufanya hivyo nisipokuwepo. Geji inahitaji kifuniko cha ngozi. Turubai la kukinga mvua bado sijalinunua.

Asubuhi hii mshale mmoja ulipita gunia na kupoteza unyoya. Kijana aliuleta benchini kipenga cha tatu kilipolia. Ulikunjwa, ukasikilizwa, ukazungushwa juu ya ukucha, ukakwanguliwa gundi ya zamani, ukafutwa spiriti, ukafungwa kwenye kalibu. Dakika tisa. Kipenga cha raundi iliyofuata kilipolia ulikuwa kwenye podo yake, ukisubiri.